Kukaa, Kulowea na Kuhamishwa: Neno "Settlement" Katika Historia ya Handeni na Korogwe

Yako maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri huyaendea kwa tahadhari tangu mwanzo, kwa kuwa sura yake yenyewe ni ngeni na ya kitaalamu. Yako na mengine ambayo kila aliyepita shuleni anadhani anayajua, na hayo ndiyo yenye hatari zaidi, maana hakuna anayejisumbua kufungua kamusi ili kuyatazama. Neno "settlement" ni la kundi hili la pili.

Katika tafsiri moja niliyopata kuipitia, barua ya Kiingereza iliyohusu fidia ya mashamba ilieleza kwamba fedha zitakazolipwa ni "settlement" kamili na ya mwisho. Tafsiri iliyosomwa mbele ya wanakijiji ikasema kwamba watapata makazi kamili na ya mwisho. Watu wakatia dole gumba wakitumaini nyumba, kumbe walikuwa wakikiri kwamba wamekwisha kulipwa na kwamba hawatadai tena. Mfasiri wa barua ile hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Alijua kwamba "settlement" ni makazi, na katika kujua huko hakukosea: Wizara inayoshughulikia ardhi na nyumba imekuwa ikibeba maneno Maendeleo ya Makazi katika jina lake, na mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Vancouver mwaka 1976 juu ya jambo hilo hilo huitwa kwa Kiswahili mkutano wa makazi ya binadamu. Alichokosa ni kujiuliza neno lile lilikuwa likifanya kazi gani mahali pale.

Maana nyingine za neno hili hazina ubishi mkubwa, nami nitazipita upesi. Deni likilipwa likaisha, hayo ni malipo, au ulipaji wa deni. Ugomvi ukikoma, hiyo ni suluhu, au ni mapatano, au maafikiano. Usuluhishi ni kazi ya kuwapatanisha watu, na suluhu ndiyo inayopatikana mwisho wa kazi hiyo, kwa hiyo haifai kuandika kwamba wadaawa "wamefikia usuluhishi". Mali inayofungwa kisheria kwa manufaa ya mke au watoto huweza kukaribiana na hiba au wakfu, lakini hapa nawasihi wafasiri wawe waangalifu, kwa sababu hiba na wakfu zina masharti yake katika sheria ya Kiislamu, na masharti hayo siyo ya Kiingereza. Mhandisi akilitumia neno hilo kwa jengo, maana yake ni kwamba jengo limetitia. Kwa maana zote hizo Kiswahili kina maneno ya kutosha, na linalotakiwa ni kuchagua tu.

Shida inaanza neno linapohusu watu na ardhi. Kitenzi cha Kiingereza ambacho jina hili limetokana nacho huweza kutumika bila yambwa, yaani watu wamefika mahali wakakaa. Tena huweza kutumika pamoja na yambwa, yaani mtu mwingine amewaweka watu hao mahali. Jina likishaundwa, tofauti hiyo hufichika. Msomaji wa Kiingereza anaposoma juu ya "settlement" fulani hawezi kujua kwa neno hilo peke yake kama watu walikwenda wenyewe, au waliitwa, au walipelekwa. Kiswahili hakikubali kuficha namna hiyo kwa urahisi. Tuna kukaa, kuhamia, kuhama, kuhamisha na kuhamishwa. Tuna kutua na kulowea. Kila kitenzi kimoja kinamtaja mtendaji au kinamwachia nafasi, na hata kauli ya kutendesha ina mipaka yake: ukisema "Serikali iliwakalisha watu Kabuku", msikilizaji atadhani waliamriwa kuketi chini. Ndiyo kusema mfasiri wa neno hili hulazimika kujua historia ya mahali kabla hajaandika. Wilaya za Handeni na Korogwe zinatufaa sana kwa uchunguzi huu, kwa kuwa katika muda wa karne mbili zimepitiwa na karibu kila aina ya jambo ambalo Mwingereza angeliita kwa jina hilo moja.

Tazama kwanza majina ya mahali. Katika Handeni kuna Kwamatuku, Kwaluguru, Kwamsisi, Kwamkono, Kwasunga. Katika Korogwe kuna Kwashemshi, Kwamndolwa, Kwagunda. Silabi ile ya mwanzo si pambo. Mengi ya majina haya yametokana na mtu: ni mahali pa fulani, aliyefyeka kichaka kwanza akajenga pamoja na nduguze, wake zake na wafuasi wake. Wazigua, kama majirani zao kadhaa, huita makao ya namna hiyo kaya; na kaya kwao ni mji, tena ni nyumbani. Kaya ilikua, iligawanyika, na mkubwa akifa au ardhi ikichoka ilihama, na palipohamwa Kiswahili hupaita mahame. Tuliangalie neno hili vizuri, maana Kiingereza hulazimika kulieleza kwa maneno mawili au matatu. Mahame si pori. Ni mahali palipokuwa na watu, na aghalabu miembe au makaburi hushuhudia.

Neno kaya lenyewe limekuwa na safari ya ajabu. Huko pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kaya ni yale makao ya kale yaliyozungukwa na msitu. Katika Kiswahili cha ofisi zetu kaya imepungua ikawa watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na karani wa sensa huuliza mkuu wa kaya ni nani. Mzee wa Kizigua anayeulizwa kaya yake ina watu wangapi ana haki ya kusita kidogo kabla ya kujibu. Tena sheria ya vijiji ya mwaka 1975, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ililiazima neno hili hili la Kibantu iliposema kwamba kijiji kitaandikishwa endapo kina kaya zisizopungua 250. Waandishi wa sheria hiyo hawakupata neno la Kiingereza lililowaridhisha. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba njia ya istilahi ni ya upande mmoja tu.

Ukoloni wa Kijerumani ulileta aina ya pili. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kandokando yake mashamba makubwa yakafunguliwa. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na ambao miche yake 62 tu ndiyo inayosemekana ilisalia baada ya safari, ukaenea katika bonde la mto Pangani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliyataifisha mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, nayo yakauzwa kwa Waingereza, Wagiriki, Waasia na wengineo. Kwa watu hawa Kiswahili kilikuwa na maneno mawili. La kwanza ni setla, lililochukuliwa moja kwa moja kutoka Kiingereza na kutumika sana Kenya. La pili ni mlowezi, ambalo linatokana na kulowea.

Kulowea, kwa asili yake, ni kukaa mahali pa ugenini hata ukapazoea, ukaacha kurudi kwenu. Hakuna tusi ndani yake. Baharia aliyekuja na msimu wa kaskazi akaoa Pangani na kuzeeka huko amelowea. Lakini katika miaka ya 1960 na 1970, magazeti na redio zilipokuwa zikieleza habari za Rhodesia na Afrika ya Kusini, mlowezi alikuwa mzungu aliyeshika ardhi ya wengine, basi. Maana hiyo imeshika nguvu kiasi kwamba mtu yeyote mwingine akiitwa mlowezi ataona ametukanwa.

Hapa pana jambo ambalo naona wanahistoria wetu wamelitazama zaidi kuliko wanaisimu. Mashamba ya mkonge ya Korogwe hayakupata vibarua wa kutosha kutoka jirani, kwa sababu Wazigua na Wasambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na hamu ya kukata mkonge. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: kusini, magharibi, hata nje ya mipaka ya nchi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuwaajiri, Silabu, jina lililofupishwa kutoka Kiingereza. Watu hao waliandikwa kwa mkataba, wakapewa namba, na kwa hiyo wakaitwa manamba. Walipofika walikaa makambini. Neno kambi lilikuwa sahihi: mahali pa muda, pa kulala na kuamkia kazini, ambapo mtu hahesabiwi kuwa na ardhi wala kaburi la wazee wake. Mkataba ukiisha, baadhi walirudi makwao. Wengine hawakurudi. Walioa, walipata vishamba nje ya mipaka ya mkonge, wakazika watoto na wazazi huko. Ndiyo maana hata leo ukitembea kandokando ya mashamba ya Ngombezi au Magunga utakuta wajukuu wa watu waliotoka Songea, Njombe, Kigoma na Burundi, wasemao Kiswahili na Kisambaa.

Kama kulowea kuna maana yake ya asili, basi watu hawa ndio waliolowea Korogwe. Setla, ambaye tulimpa jina hilo, wengi wao waliondoka baada ya uhuru, hasa mashamba ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967. Aliyebeba jina alikwenda zake; aliyefanya kitendo alibaki bila jina. Sipendekezi kwamba tuanze kuwaita walowezi wajukuu wa manamba, maana wao wenyewe hawatakubali, nao watakuwa na haki. Nasema tu kwamba kitenzi kulowea bado ni safi na kinaweza kutumika katika masomo ya historia hata pale ambapo jina mlowezi haliwezi.

Aina ya tatu ililetwa na Serikali yetu wenyewe. Taarifa ya Benki ya Dunia iliyotoka mwaka 1961 ilishauri kwamba badala ya kungoja wakulima wabadilike polepole katika vijiji vyao, baadhi yao wapelekwe kwenye ardhi mpya, wapewe mitambo, mikopo na wasimamizi. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kushika Urais tarehe 10 Desemba 1962, alisisitiza kwamba watu waishi pamoja vijijini. Mwaka 1963 ikaundwa idara ya kusimamia mipango hiyo. Mmojawapo wa mipango ya mwanzo ulikuwa Kabuku, katika Handeni, ambako wakulima walipewa kulima mkonge. Kwa Kiingereza Kabuku ilikuwa "settlement", na wakulima wake waliandikwa katika taarifa kwa jina lile lile la Kiingereza ambalo siku zilizopita lilikuwa la wenye mashamba wa Kizungu. Mfasiri afanyeje? Kuwaita wananchi hao walowezi, mwaka wa kwanza au wa pili wa Jamhuri, kusingewezekana kabisa. Kuwaita wakazi kusingeonyesha kwamba walikuwa wamechaguliwa na kuletwa. Kuwaita wahamiaji kungewafanya wageni katika nchi yao. Kwa maoni yangu maneno mawili, wakulima waliohamishiwa, yalikuwa bora kuliko neno moja lolote, ingawa najua kwamba wenzangu wengi wa fani hii hawapendi istilahi ndefu.

Mipango hiyo ilikuwa ya gharama kubwa, na Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba haitaendelezwa kwa namna ile. Mwaka uliofuata, Septemba 1967, kikatoka kijitabu cha Mwalimu cha Ujamaa Vijijini. Linganisha jina hilo na lile la Kiingereza, ambalo linazungumza juu ya ujamaa na maendeleo ya mashambani. Katika Kiswahili neno lililochukua nafasi ya mbele ni kijiji, yaani mji mdogo, neno la kawaida, lisilo na meneja wala trekta. Sidhani kama hilo lilikuwa jambo dogo. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mapema kuwa na vijiji vya ujamaa vingi, na Michaela von Freyhold, aliyevichunguza vijiji vya Mkoa wa Tanga na kuchapisha kitabu chake mwaka 1979, alionyesha jinsi ambavyo chini ya jina hilo moja kulikuwa na mambo mbalimbali: mahali pengine watu walijiunga kwa kutaka, mahali pengine kwa kutumaini msaada, na pengine kwa kusukumwa.

Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Katika lugha ya wakati huo tulisikia zaidi vijiji vya maendeleo, na Operesheni Vijiji. Kitenzi kilichotumika na wananchi kilikuwa kimoja: kuhamishwa. Taarifa za Kiingereza za miaka hiyo zinaendelea na jina lile lile, kana kwamba hakuna kilichobadilika baina ya Kabuku ya mwaka 1963 na operesheni ya mwaka 1974. Anayetafsiri taarifa hizo leo kwa ajili ya shule asiandike makazi mapya kila mahali. Pale walipohamishwa, aandike kwamba walihamishwa. Pale walipoacha miembe na makaburi, neno mahame lipo.

Aina ya nne ndiyo iliyonifanya nianze kuandika makala haya. Katika miaka ya 1830, wakati wa ukame na njaa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka bara ya Tanga wakapelekwa Somalia. Simulizi za wazao wao husema kwamba walidanganywa kwa ahadi ya chakula na kazi. Waliofanikiwa kuukimbia utumwa walijenga vijiji vyao katika misitu ya mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Kenya, na wengine wakaja kwa bahari mpaka Tanga. Hawa wa Tanga walipelekwa Mkuyu, karibu na mji wa Handeni, na baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakahamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo. Walipofika Handeni walielewana na wenyeji kwa lugha.

Nyaraka za shirika la wakimbizi huiita Chogo "settlement", na Kiswahili husema makazi ya wakimbizi, kama tusemavyo kwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima. Tofauti baina ya makazi na kambi ni muhimu hapa, na wafasiri wasiichanganye: kambini mtu hulishwa, katika makazi hupewa shamba. Lakini neno la Kiingereza likiongezewa kiambishi cha kurudia huwa na maana nyingine kabisa katika nyaraka hizo hizo, yaani kuchukuliwa kutoka nchi ya hifadhi na kupelekwa nchi ya tatu. Maelfu ya ndugu zao waliokuwa kambini Kenya walipelekwa Marekani kwa utaratibu huo, kuanzia mwaka 2003. Kutafsiri jambo hilo kwa "kupewa makazi upya" ni kumfanya msomaji wa Chogo aamini kwamba anaahidiwa shamba jingine Handeni. Napendekeza kuhamishiwa nchi ya tatu. Ni maneno manne, na yanasema lililopo.

Na waliobaki Chogo, ambao idadi kubwa yao baadaye walipewa uraia wa Tanzania? Kwa ofisi ni wakimbizi waliopewa makazi, kisha raia wapya. Wao wenyewe, kwa hesabu ya mababu, walikuwa wamerudi. Sijapata neno moja la kuweka katika orodha ambalo lingebeba kufika na kurudi kwa pamoja, na sikusudii kulibuni.

Mwaka 2022 neno hili lilirudi tena Handeni, safari hii Msomera, ambako familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zilianza kupelekwa mwezi Juni. Serikali imesema kwamba wanaohama wanahama kwa hiari. Baadhi ya wakazi wa Ngorongoro, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, wamelipinga jambo hilo. Katika taarifa za Kiswahili utakuta waliohama, waliohamia, waliohamishwa na walioondolewa, kila neno likiwa na upande wake. Afisa istilahi hana mamlaka ya kuamua shauri lile. Anachoweza kufanya ni kumkumbusha mfasiri kwamba hawezi kuchagua kitenzi kwa kufuata mazoea ya mkono wake, na kwamba iwapo waraka wa Kiingereza umeficha mtendaji, inafaa aulize aliyeuandika, badala ya kumtungia mtendaji au kumfuta.

Lipo pendekezo, ambalo limepata kutolewa na walimu kadhaa, kwamba tuchukue maskani kuwa neno la jumla. Ni neno zuri, lakini Zanzibar limekwisha kupata maana ya baraza la wanachama wa chama cha siasa, na makao nayo yamezoeleka zaidi kwa ofisi kuu na nyumba za watoto yatima. Kwa hiyo naona tubaki na makazi kwa maana ya mahali watu wanapoishi, bila kutaja walivyofika. Na pale ambapo namna ya kufika ni sehemu ya habari, tusitumie jina bali kitenzi, kwa kauli inayostahili.

Lililobaki ni la wasomaji wa Handeni na Korogwe, hasa walimu walio karibu na wazee. Kizigua na Kisambaa vina maneno ya kaya iliyogawanyika, ya kaya inayofuata mkubwa wake, na ya mahali palipoachwa kwa muda kwa nia ya kurudi. Tungependa kuyapata, pamoja na sentensi moja moja za kuonyesha matumizi yake, na jina la kijiji yanakosemwa.